Waridi la Mazipani

Pale jikoni kwa watengeneza keki hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Waridi, kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyeweza kukaa na donge la sukari, kijiti na kisu kidogo, na baada ya robo saa akakuwekea mezani ua ambalo ungeapa limechumwa bustanini asubuhi hiyo. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na kumi na sita kati ya hiyo alikuwa ameipitisha kwenye meza ile moja ya bati karibu na dirisha. Mgongo ulishaanza kumsumbua, ila mikono ilikuwa bado myepesi.

Jambo moja tu lilimnyima raha kazini, nalo hakumwambia mtu. Karibu kila kitu walichotumia kilikuja kimeandikwa Kiingereza, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Maneno yale aliyajua kwa vidole na ulimi, siyo kwa macho. "Icing" ni ile inayokauka ikang'aa. "Frosting" ni ile laini ya siagi, inayobaki na alama ya kisu. "Jam" ina vipande vya tunda, "jelly" inapitisha mwanga. "Toffee" inang'ang'ania meno, "caramel" inateleza kwenye kijiko, na "fudge" inamegeka kama udongo uliokaa kivulini. Mfumbe macho umpe aonje, hakosei. Mpe karatasi asome, ataigeuza geuza, atakohoa kidogo, halafu atamwita Profesa.

Profesa alikuwa mtunza stoo. Jina hilo alilipata kwa tabia yake ya kusoma maboksi kwa sauti ya mtangazaji wa habari, miwani ikining'inia kwa kamba shingoni. Mwenye jiko, ambaye wote walimwita Bosi, alipobandika kibao kipya nje kilichoandikwa "Cakes and Deserts", ni Profesa aliyekikagua na kusema kiko sawa. Kilikaa wiki mbili, mpaka mwalimu mmoja mpita njia akaingia, akanunua skonzi mbili, kisha akauliza kwa upole kama na ngamia wanauzwa humo ndani. Herufi moja ilikuwa imepungua, na vitamu vya baada ya mlo vikawa jangwa. Jiko zima lilicheka mpaka machozi. Profesa naye alicheka, ila siku ile hakula chakula cha mchana na wenzake.

Seremala alifika Jumatano, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi zake. Alivua kofia kama mtu anayeingia msibani.

"Binti yangu anatimiza miaka saba Jumamosi," alisema. "Anataka keki yenye waridi moja kubwa katikati. Nimemwambia tuweke na mdoli, hataki. Waridi tu."

"Basi umefika penyewe," Mama Waridi akamjibu.

"Ila kuna jambo, mama. Mtoto huyu hali karanga. Wala korosho, wala lozi, wala chochote cha ukoo huo. Akila anavimba mdomo, pumzi inakata. Mara ya kwanza tulidhani ndiyo tunamzika. Keki zenu zina karanga?"

"Hapana. Labda mteja aombe mwenyewe."

"Na kwenye mapambo je?"

"Mapambo ni sukari tupu, fundi."

Akaandikisha jina la mtaa, namba ya nyumba na ya simu kwenye daftari la oda, akaaga. Alipofika mlangoni akageuka.

"Nisamehe kwa kukuchosha. Mama yake hayupo duniani, nimebaki mimi na dada yangu kumwangalia. Una hakika kabisa?"

Mama Waridi akaweka mkono kifuani. "Hata chembe. Nakuahidi mimi mwenyewe."

Ijumaa mchana keki ilikuwa imekaa kwenye sahani yake inayozunguka, nyeupe kama shuka jipya, majani na vichipukizi vyote mahali pake. Lilikuwa limebaki waridi la katikati. Mama Waridi akanyoosha mkono kwenye ndoo ya fondanti, ile sukari laini ya kufinyangia mapambo, akakwangua, akapata kilichojaa kijiko kimoja. Akaenda stoo.

"Fondanti imeadimika," Profesa akamwambia, akimtolea donge lililofungwa karatasi ya kung'aa. "Msambazaji ametuletea hii badala yake."

"Inaitwaje?"

Profesa akavaa miwani. Akasogeza karatasi mbali, akaileta karibu. "Marzipan. Mazipani. Ni fondanti hiyo hiyo, ila ya daraja la juu. Si unaona hapa, 'sugar'? Sukari. Basi."

Mama Waridi akarudi mezani, akaanza kulikanda. Vidole vyake vikakataa mara moja. Donge lilikuwa na mafuta kidogo, na ndani yake mlikuwa na chembechembe, kama unga uliopita kwenye jiwe mara moja tu. Weupe wake ulielekea manjano. Akalinusa. Kulikuwa na harufu ya mbali, tamu yenye uchungu ndani yake. Akainuka tena.

"Profesa, mbona hii inanukia?"

"Vanila ya kwao hiyo. Mama Waridi, leo unataka nikusomee mara ngapi?"

Alisema kwa mzaha tu, na wapakiaji wawili waliokuwa karibu na mlango wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichomrudisha mezani. Angeweza kuonja, ulimi wake haukuwahi kumdanganya. Lakini kuonja ingekuwa kukubali mbele ya watu kwamba hana hakika, naye alikuwa amechoka kuwa mtu asiye na hakika kila karatasi ilipofunguliwa. Akatia rangi nyekundu, akakanda mpaka harufu ikafifia, akaanza kukunja petali moja baada ya nyingine. Lilitoka waridi zuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza. Mazipani hutii mkono.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, seremala akaingia tena. Macho yalikuwa mekundu, shati lilikuwa la jana.

"Nimepita kuwashukuru," alisema. "Keki ilikuwa nzuri mno. Mtoto alilia kwa furaha alipoiona."

"Hajambo?"

"Yuko hospitali, mama. Dakika chache tu baada ya kukata keki, pumzi ikambana. Tumekimbia naye mikononi. Amewekewa hewa siku nzima." Akajifuta uso kwa kiganja. "Dada yangu alileta biskuti alizooka nyumbani. Anaapa hazikuwa na karanga, ameapa kwa kila kitu anachokiamini, lakini ingekuwa nini kingine? Nimemfukuza. Mbele ya wageni wote nimemwambia asiguse mwanangu tena. Yeye aliyemlea tangu akiwa na miezi minane."

Mama Waridi akaweka kisu chini.

"Mchana huu wanamruhusu," seremala akaendelea, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Waridi lake tumemwekea kwenye friji. Alikuwa amekula petali moja tu, maskini. Ameniapisha nisimruhusu mtu kuligusa mpaka arudi."

Alipoondoka, Mama Waridi alibaki amesimama na kijiti mkononi. Petali moja. Kisha akaenda kwenye pipa la taka nyuma ya stoo, akafukua maganda ya mayai na mifuko ya unga mpaka akaipata ile karatasi ya kung'aa. Akaikung'uta. Ilikuwa na mstari wa maneno madogo, na alilolijua humo lilikuwa moja tu, lile la sukari. Hakumwita Profesa. Aliikunja, akavuka barabara na aproni yake mpaka duka la vitabu.

"Naomba uniazime kamusi," akamwambia muuzaji. "Nasoma hapa hapa."

Muuzaji akautazama unga uliomjaa mikononi, akampa kitambaa kwanza, kisha kamusi. Mama Waridi akatafuta kama mtu anayepita chumba chenye giza, akipapasa herufi moja, halafu inayofuata. Alianza na lile analolifahamu, ili awe na pa kushika. "Fondant": sukari laini ya kupambia keki. Akafungua mbele zaidi. "Marzipan": lozi zilizosagwa na kuchanganywa na sukari. Akarudia mstari huo mara tatu, kidole kikiwa chini ya neno. Kisha akarudi mwanzo wa kitabu kutafuta neno lililotangulia sukari kwenye karatasi yake, akitumaini, hata sasa, kwamba amekosea. "Almond": lozi.

Kumbe kati ya fondanti na mazipani palikuwa na uhai wa mtoto.

Bosi alikuwa ofisini, akiangalia oda za wiki. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akachukua karatasi, akaisoma, rangi ikamtoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mama wa watoto watatu.

"Mtoto amepona," alisema hatimaye.

"Waridi liko kwenye friji, Bosi. Analirudia leo."

"Najua. Nampigia baba yake sasa hivi. Nitamwambia keki ikikaa siku tatu inaharibika, waitupe, tutawatengenezea nyingine." Akabonyeza namba. Simu ikaita mpaka ikakata. Akabonyeza tena. "Mtoto hatadhurika. Si ndicho unachotaka?"

Mama Waridi akafikiri. Ingetosha. Waridi lingeingia kwenye pipa, mtoto angekua, na meza ya bati karibu na dirisha ingebaki yake. Hakuna ambaye angelala amekasirika, ila mtu mmoja tu.

"Na yule dada wa fundi?" akauliza.

"Ni ndugu. Ndugu hugombana wakapatana."

"Hawa hawatapatana. Atazeeka akijulikana kuwa nusura amuue mtoto wa kaka yake."

Bosi akaweka simu mezani. "Hapa tuko watu kumi na mmoja tunaokula kwa jiko hili. Ukitoka na karatasi hiyo, usirudi."

Alisema kwa sauti ya chini, karibu ya kubembeleza. Mama Waridi akafungua kamba ya aproni, akaikunja vizuri kama afanyavyo kila jioni, akaiweka juu ya kiti. Akanakili namba ya nyumba kutoka kwenye daftari la oda, akatoka.

Hospitalini, muuguzi wa wodi ya watoto alimwambia wametoka nusu saa iliyopita. Mama Waridi akamwonyesha ile karatasi, akamweleza, na muuguzi akachukua faili la mtoto, akaandika, akiuliza neno lile linaandikwaje. Mama Waridi akamtajia herufi zake moja moja. Kisha akapanda pikipiki, akamwambia dereva asipunguze mwendo hata kwenye matuta.

Nyumba ilikuwa nyuma ya karakana ya mbao. Mlango ulikuwa wazi. Mtoto alikuwa ameketi mezani, plasta ya sindano ikiwa bado mkononi, miguu ikining'inia. Mbele yake palikuwa na sahani, na juu ya sahani lile waridi. Alikuwa amebandua petali na kuliinua kwenye mwanga wa dirisha kuona kama litapitisha.

"Usile!" Mama Waridi akapiga kelele. "Mwanangu, weka chini, usile!"

Mtoto akaliachia likaanguka sakafuni. Seremala akatokea chumba cha pili na taulo begani.

"Mama? Kuna nini?"

Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na yote yakampotea. "Ni waridi," akasema. "Siyo biskuti. Ni waridi langu. Nilipewa donge la aina nyingine, nikaambiwa ni sukari, nikalitumia bila kujua. Jina lake ni mazipani. Limetengenezwa kwa lozi."

Seremala akamtazama kama mtu aliyesemeshwa lugha ngeni. Halafu akamwinua mtoto mzima mzima, akambeba mpaka kwenye beseni, akaanza kumnawisha mikono kwa sabuni, kidole kimoja kimoja, kisha akarudia tena. Mtoto akamtazama baba yake, akamtazama mgeni.

"Baba, kwani waridi lina nini?"

"Nenda chumbani, mwanangu."

Mtoto alipoondoka, seremala akaketi kwenye benchi ambalo bado halijapigwa msasa. "Nilikuuliza mara ngapi?" akasema.

"Mara tatu."

"Ukanijibu nini mara ya tatu?"

"Nilikuahidi."

"Uliweka mkono kifuani."

"Niliweka."

"Na ulipopewa hicho kitu usichokijua, hukushtuka hata kidogo?"

Hapo ndipo palipokuwa na njia ya kutokea. Angeweza kusema hapana, na nani angejua? "Nilishtuka," akasema. "Vidole vilikataa, nikauliza mara moja. Nikaona aibu kuuliza tena, kwa sababu sijui kusoma Kiingereza vizuri, na watu walikuwa wanacheka."

Seremala akainamisha kichwa. "Ondoka, mama," akasema bila kuinua uso. "Umefanya vizuri kuja, lakini ondoka, maana sijui nitasema nini nikiendelea kukuona."

Mama Waridi alikuwa amefika kwenye kona ya karakana alipomsikia ndani akipiga simu. Hakusikia maelezo yoyote, ila neno moja lililorudiwa kwa sauti iliyopasuka: "Dada. Dada. Dada yangu."

Wiki hiyo hiyo Profesa akamtembelea nyumbani kwake. Alikaa ukingoni mwa kiti, hakuwa na miwani shingoni. Chai ikapoa mbele yake.

"Mimi niliishia darasa la sita," alisema. "Kiingereza nilijifunza kwenye maboksi. Nikilijua neno moja, mengine nayakisia. Siku ile nililiona 'sugar', nikafurahi kwamba nimepata pa kuanzia. Lile jingine la mbele yake sikulijua. Nikaona nikinyamaza mtanijua."

Mama Waridi alikuwa amejiandaa kwa hasira, na hakuipata. Miaka kumi na sita walikuwa wametenganishwa na ukuta mmoja wa mbao, kila mtu akimwogopa mwenziwe kwa kitu kile kile.

"Tungeambiana tu," akasema.

"Tungeambiana," Profesa akaitikia, na akaanza kulia kimya kimya, mzee mzima, akijifuta kwa kofia yake.

Alisema pia kwamba ameshamwambia Bosi aliyesoma karatasi ni yeye. Bosi hakumfukuza, alimhamishia upakiaji, akaajiri msichana aliyesoma. Mama Waridi hakurudishwa, wala hakuomba.

Alikaa miezi miwili bila kazi. Alinunua kamusi, ile ile, kwa muuzaji yule yule, na kila siku baada ya chakula cha mchana akawa anakaa nayo. Kisha akapata nafasi kwenye jiko dogo la mkate upande wa pili wa mji. Siku ya kwanza tu aliomba utepe wa gundi na kalamu nyeusi, na mpaka jioni kila kopo, kila ndoo na kila pakiti rafuni ilikuwa na utepe wa maneno yanayosomeka na kila mtu: jamu ya machungwa yenye maganda, sukari ya unga, asali ya miwa, maziwa mazito. Makopo matatu aliyaweka peke yake rafu ya juu. Wenzake walimtania kwamba amefungua duka la dawa.

Ni hapo dada yake seremala alipomkuta. Aliingia asubuhi, mwanamke mrefu mwenye futi ya fundi cherehani shingoni, akasimama kaunta bila kuagiza kitu.

"Mimi ni shangazi wa yule mtoto," akasema.

Mama Waridi akamkaribisha ndani, kwenye kiti kilicho karibu na oveni.

"Siku mbili zile," shangazi akaanza, "nilifika mahali nikaamini ni mimi. Nilimwaga unga wote wa nyumbani juu ya kitambaa, nikauchekecha, nikitafuta karanga. Nikachukua na unga wa jirani nikauchekecha. Nilikuwa nimeshakubali, unaelewa? Kaka aliponipigia, nilikulaani kwanza. Kisha nikalala usingizi."

"Una haki ya kunilaani."

"Najua ninayo. Sikuja kuiomba." Akainuka, akatembea mbele ya rafu, akisoma tepe moja moja kwa midomo. Kwenye rafu ya juu akasimama. Utepe ulisema: "Nougat. Ina lozi ndani. Usitumie mpaka uulize."

"Hiki nacho?" akauliza. "Kinavyoonekana ni kama pipi tu ya maziwa."

"Kinavyoonekana, ndiyo."

"Yapo majina mengine ya namna hii?"

"Yapo. 'Praline', lozi zilizopikwa na sukari. 'Frangipane', nayo ya lozi, hiyo huwekwa ndani ya keki usiione. Yanasikika kama majina ya manukato."

Shangazi akarudi kukaa. Akatoa kwenye mkoba daftari dogo la shule, jalada lake limefungwa kwa gazeti. "Mtoto ameanza kusoma. Anasoma kila kitu, mpaka sabuni. Kaka yangu anasema hatuwezi kuwa naye kila mahali, lazima ayajue majina hayo mwenyewe. Kaka hawezi kuja. Hajakusamehe, nisikudanganye, na mimi mwenyewe sijui nimefika wapi. Lakini amesema kama kuna mtu atakayeandika maneno hayo bila kuruka hata moja, ni wewe."

Mama Waridi akanawa mikono, akaikausha. Akafungua ukurasa wa kwanza, akashika kalamu, na polepole, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza ukubwani, akaanza na lile alilolijua sasa kuliko yote: "Marzipan". Shangazi akasogeza kiti karibu ili aone.

"Taja kwa sauti ukiandika," akasema. "Na mimi nijifunze."